McDowell: Kaunti ya Marekani iliyohamwa na watu wake

Ukitajiwa Marekani, msomaji mpenzi, bila shaka mawazo yako hukimbilia New York na majumba yake marefu, au Chicago, au pengine Hollywood kwa waigizaji wa sinema. Ni nadra sana kumsikia mtu akiitaja McDowell. Hata Wamarekani wenyewe, ukiwauliza, wengi watatikisa kichwa. Na bado chuma kilichosimamisha mengi ya majumba hayo kiliyeyushwa kwa moto wa makaa ya mawe kutoka mahali kama McDowell, na makaa ya McDowell yalihesabika kuwa miongoni mwa bora kabisa duniani.

Mwaka 1950 kaunti hii ilikuwa na watu 98,887. Ilipofanywa hesabu ya watu ya mwaka 2020, walipatikana watu 19,111 pekee. Yaani mahali palipokuwa na watu watano, leo yupo mmoja. Hapakuwa na vita. Hapakuwa na tauni. Mlima wa moto haukulipuka. Sasa watu hao walikwenda wapi, na ni nini kilichowafukuza?

Kwanza tujue mahali penyewe. McDowell imo katika jimbo la West Virginia, upande wa mashariki wa Marekani, kule kusini kabisa ambako jimbo hilo linapakana na Virginia. West Virginia ina kaunti 55, na Marekani nzima ina zaidi ya 3,000. Wewe uliyezoea kaunti zetu 47, zenye gavana na mawaziri wake, usidhani kaunti ya kule ni serikali kubwa ya namna hiyo. Kule gavana ni wa jimbo zima. Kaunti ya West Virginia huendeshwa na makamishna watatu wanaochaguliwa, pamoja na karani, mkadiriaji wa kodi na sherifu. Sherifu huyo, licha ya kukamata wahalifu, ndiye pia hukusanya kodi. Polisi na mtoza ushuru katika kofia moja!

Kwa ukubwa, McDowell ina takriban kilomita 1,385 za mraba, yaani kama Nairobi mbili hivi. Lakini usitafute uwanda wowote wa kupiga mpira. Ni milima ya Appalachia, mikuku na mikali, iliyofunikwa kwa misitu, na baina ya mlima na mlima hupita bonde jembamba lenye kijito. Katika bonde hilo hubanana barabara, reli, kijito na safu moja ya nyumba. Jua huchelewa kuingia asubuhi na huwahi kutoka jioni. Wenyeji hujitambulisha kwa bonde walikozaliwa, kama vile wengine wanavyojitambulisha kwa kijiji au mtaa.

Mto mkuu ni Tug Fork. Kijito cha Elkhorn hutoka mashariki, kikapita katika miji midogo ya Northfork, Keystone na Kimball, kisha kikakutana na Tug Fork katika mji wa Welch, ambao ndio makao makuu ya kaunti. Maji hayo husafiri hadi mto Ohio, kisha Mississippi, mpaka baharini. Upande wa kusini kuna mji mwingine ambao kwa Kiswahili ungeuita "Vita", kwa maana unaitwa War, kwa jina la kijito kipitacho hapo. Hatujasikia mji mwingine wa Marekani wenye jina hilo, na sidhani kama upo mwingine unaolitamani.

RELI YATOBOA MLIMA

Kaunti iliundwa mwaka 1858, wakati eneo hilo lilipokuwa bado ni sehemu ya Virginia, ikapewa jina la James McDowell aliyekuwa gavana wa Virginia. Vita vya wenyewe kwa wenyewe vilipozuka Marekani, kaunti za magharibi zilijitenga na Virginia, na mwaka 1863 West Virginia ikawa jimbo kamili.

Siku hizo McDowell ilikuwa pori. Hesabu ya mwaka 1880 iliwakuta watu 3,074 tu. Walilima mahindi kwenye miteremko, wakafuga nguruwe na kuwinda. Walijua kuna mawe meusi yanayowaka, lakini nani angeyabeba na kuyavusha milima ile?

Mwaka 1873 mpimaji mmoja, Isaiah Welch, alitembea katika milima hiyo akipima tabaka za makaa. Ndiye ambaye mji wa Welch ulipewa jina lake. Alichokiona kiliwafanya matajiri wa Philadelphia wafungue mikoba. Mawakala walipita nyumba kwa nyumba wakinunua ardhi. Mkulima ambaye hajawahi kushika noti nyingi kwa pamoja aliona ni bahati ya mtende kuuza mlima mzima usiolimika. Alitia sahihi, akapokea pesa zake, akafurahi.

Kampuni ya reli ya Norfolk and Western ililetewa njia yake magharibi, na mwaka 1888 ikawa imelitoboa handaki katika mlima na kuingia bonde la Elkhorn. Hapo ndipo mambo yalipobadilika. Makaa yalianza kutoka kwa mabehewa hadi bandari ya Norfolk kwenye pwani ya Atlantiki. Yaliitwa makaa ya Pocahontas, nayo yalikuwa na sifa mbili zilizowavutia wanunuzi. Yalitoa moshi kidogo sana, kwa hivyo jeshi la majini la Marekani liliyapenda, maana manowari isiyotoa moshi mwingi haionekani kutoka mbali. Tena hayakuwa na salfa nyingi, na yalipookwa katika tanuri yalifaa mno kuyeyushia chuma.

Mnamo 1892 wapiga kura waliamua makao makuu ya kaunti yahamishiwe Welch. Husimuliwa hadi leo kwamba ugomvi ulikuwa mkali hata vitabu vya kaunti vikahamishwa usiku, kwa magari mawili ya kukokotwa, ili wapinzani wasije wakavizuia njiani. Siasa za kuwania makao makuu si ugonjwa wa Waafrika peke yao!

Sasa zingatia jambo hili, kwani ndilo kiini cha habari yenyewe. Mwaka 1901 kampuni ya reli, kwa kupitia kampuni yake tanzu, ilinunua ekari zipatazo 300,000 za ardhi ya makaa katika McDowell na kaunti za jirani. Basi reli ikawa inamiliki mlima na pia mabehewa yanayouhamisha. Kampuni kubwa ya chuma ya US Steel ikakodi sehemu ya ardhi hiyo, ikajenga migodi kadhaa mahali palipoitwa Gary, kwa jina la mwenyekiti wake, Elbert Gary. Mji mwingine wenye jina la mtu huyohuyo ulijengwa Indiana, kando ya ziwa Michigan, kwa ajili ya viwanda vya chuma. Gary mmoja wa kuchimba, Gary mwingine wa kuyeyusha, na bwana ni mmoja.

Mwenyeji akabaki mpangaji katika nchi ya babu yake.

WATU WA KILA RANGI

Migodi ilihitaji mikono, na mikono ya wenyeji haikutosha. Kampuni zilituma watu kwenda kuwatafuta wafanyakazi katika majimbo ya kusini, ambako Waafrika-Wamarekani walikuwa wakilima pamba kwa ujira wa kutupwa. Wengine waliletwa moja kwa moja kutoka bandarini: Waitalia, Wahungari, Wapoland. Idadi ya watu ilipanda kama maziwa yaliyochemka. Walikuwa 18,747 mwaka 1900, wakawa 47,856 mwaka 1910, wakafika 90,479 mwaka 1930.

Mwaka 1910 zaidi ya robo ya wakazi wa kaunti walikuwa weusi. Si kwamba hawakubaguliwa. Shule zao zilitengwa na za wazungu, na nyumba zao kambini zilikuwa upande wao. Hata hivyo, West Virginia haikuwanyima kura kama Virginia na majimbo ya kusini zaidi yalivyofanya, na ndani ya mgodi malipo ya tani moja yalikuwa yaleyale kwa aliyeichimba. Mtu aliyetoka Alabama aliona tofauti.

Wakaitumia hiyo kura. Katika mji wa Keystone, Matthew Whittico alianzisha gazeti la McDowell Times mwaka 1904, likawa sauti ya weusi wa migodini kwa miaka mingi. Mwaka 1928, mjumbe wa bunge la jimbo kutoka Keystone, E. Howard Harper, alifariki, na gavana akamteua mjane wake, Minnie Buckingham Harper, kukishika kiti hicho. Hivyo mama huyu akawa mwanamke wa kwanza mweusi kuketi katika bunge lolote la Marekani. Mwaka huohuo, huko Kimball, lilifunguliwa jumba la ukumbusho wa askari weusi waliopigana katika Vita Kuu vya Kwanza vya Dunia. Mtoto wa shule anayeandika insha kuhusu historia ya watu weusi wa Marekani kwa kawaida hutaja Alabama na Georgia. Basi asiisahau McDowell.

MAISHA YA KAMBINI

Je, maisha ya mchimbaji yalikuwaje? Kampuni ndiyo iliyojenga nyumba, duka, kanisa, shule na hospitali. Kodi ya nyumba ilikatwa katika mshahara. Daktari alikatwa. Hata kunoa vifaa vya kazi kulikatwa. Kabla ya siku ya malipo, aliyeishiwa aliweza kupewa mkopo kwa vipande vya chuma vilivyopigwa chapa ya kampuni, na vipande hivyo havikununua kitu ila katika duka la kampuni. Ukifukuzwa kazi, jioni hiyohiyo huna nyumba. Kilichokuwa chako ni kitanda na watoto.

Na hatari je? Tarehe 10 Januari 1940, mgodi wa Bartley ulilipuka na kuua watu 91. Huo ni mmoja tu, tena hiyo ni ajali iliyoingia magazetini. Wengine waliuawa mmoja mmoja, kwa mwamba kuporomoka au behewa kuteleza. Wengine wengi zaidi waliuawa polepole na vumbi lililojaa kifuani, ugonjwa ambao wachimbaji huuita mapafu meusi. Ilichukua hadi mwaka 1969, baada ya wachimbaji wa West Virginia kugoma, ndipo sheria za nchi zikautambua ugonjwa huo na kuwawekea waathiriwa fidia.

Kuunda chama cha wafanyakazi lilikuwa jambo la kuhatarisha maisha. Makampuni yaliajiri walinzi wenye bunduki kutoka shirika la Baldwin-Felts. Katika kaunti ya jirani, kwenye mji wa Matewan, mkuu wa polisi Sid Hatfield alisimama upande wa wachimbaji, na Mei 1920 kulitokea kufyatuliana risasi ambako walinzi saba waliuawa. Mwaka uliofuata Hatfield aliitwa Welch kujibu shtaka jingine. Tarehe 1 Agosti 1921, alipokuwa akizipanda ngazi za mahakama ya McDowell, mkewe akiwa kando yake, walinzi wa Baldwin-Felts walimpiga risasi wakamwua, yeye pamoja na rafiki yake Ed Chambers. Mchana kweupe, mlangoni mwa mahakama! Hakuna aliyefungwa kwa mauaji hayo. Kabla ya mwezi kwisha, maelfu ya wachimbaji walishika silaha wakaandamana hadi mlima Blair, mapigano ambayo yalizimwa tu baada ya jeshi la serikali kuingia.

Chama hakikuingia McDowell kwa uhakika hadi 1933, sheria mpya ilipowapa wafanyakazi haki ya kujiunga. Ndipo mishahara ikapanda, na miaka ya neema ikaja. Siku za Jumamosi mitaa ya Welch ilijaa watu hata mtu akashindwa kupita bila kugusana mabega na mwenzake. Magari yalizidi mpaka mwaka 1941 mji ukajenga ghorofa la kuegesha magari, linalosifiwa kuwa la kwanza nchini Marekani kumilikiwa na mji wenyewe. Ghorofa la kuegesha magari, katika mji wa bondeni wenye watu elfu kadhaa! Hapo ndipo unapoona fedha zilivyokuwa zikipita.

MASHINE YAINGIA, WATU WATOKA

Naam, fedha zilipita tu. Hazikukaa.

Mwishoni mwa miaka ya 1940 ilitokea mashine inayokata makaa na kuyapakia papo hapo bila kusita, na watu wachache wakaweza kufanya kazi iliyofanywa na kundi kubwa. Mwaka 1950 kiongozi wa chama cha wachimbaji, John L. Lewis, alitia sahihi mkataba na makampuni. Hakuzipinga mashine. Alikubali ziingie, mradi watakaobaki kazini walipwe vizuri na chama kipate fedha za matibabu na malipo ya uzeeni. Wapo wanaomsifu hadi leo kwa hospitali zilizojengwa kwa fedha hizo. Wale waliopoteza kazi hawakupata wa kuwasemea. Mwandishi wa makala haya anaona kwamba lilikuwa chaguo gumu, lakini waliolipia gharama yake hawakuulizwa.

Wakati huohuo wateja walikuwa wakipungua. Nyumba za mijini ziliacha kujipasha joto kwa makaa, zikageukia mafuta na gesi. Garimoshi za mvuke zilistaafishwa. Hata Norfolk and Western, reli iliyozaliwa na makaa, ilizima moto wa garimoshi zake za mwisho mwaka 1960. Kwa Marekani nzima, wachimbaji wa makaa walikuwa zaidi ya 400,000 mwaka 1950. Miaka 10 baadaye walikuwa takriban 170,000.

McDowell, ambayo haikuwa na kazi nyingine ya maana, iliumia vibaya. Mwaka 1960 ilikuwa imebaki na watu 71,359, na mwaka 1970 watu 50,666. Familia zilifunga mizigo juu ya gari, zikashika barabara ya kaskazini kwenda Cleveland, Akron na Detroit kutafuta kazi viwandani, au kusini kwenda North Carolina. Unamfahamu Steve Harvey, yule mchekeshaji na mtangazaji wa televisheni mwenye masharubu? Alizaliwa Welch mwaka 1957, mtoto wa mchimbaji makaa, akakulia Cleveland. Ukimwona anacheka kwenye televisheni, unamtazama mmoja wa wale walioondoka.

Mwingine ni Homer Hickam, mtoto wa mkubwa wa mgodi katika kambi ya Coalwood. Warusi waliporusha setilaiti ya kwanza Oktoba 1957, kijana huyu na wenzake walianza kuunda roketi kwa mabomba na mabaki ya chuma, wakizirusha juu ya lundo la uchafu wa mgodi. Mwaka 1960 roketi hizo ziliwapatia tuzo katika maonyesho ya kitaifa ya sayansi. Hickam baadaye akawa mhandisi wa shirika la anga za juu, NASA. Kitabu chake cha mwaka 1998 kilitolewa kuwa filamu mwaka uliofuata. Shule yake ya sekondari, Big Creek, ilifungwa mwaka 2010 kwa sababu wanafunzi wamepungua.

KENNEDY NA STEMPU ZA CHAKULA

Mwaka 1960 seneta kijana, John Kennedy, alikuja West Virginia kutafuta kura za mchujo. Alikuwa Mkatoliki katika jimbo la Waprotestanti, na watu walisema hatapita. Akatembea kambini, akaongea na wachimbaji wasio na kazi, akashinda. Walimwonyesha jambo ambalo mtoto wa tajiri kutoka Boston hakulitarajia. Baadaye, katika mdahalo wa televisheni, alieleza kwamba ameona watoto wa jimbo hilo wakibakiza chakula cha mchana cha shuleni ili waende nacho nyumbani kulisha jamaa zao.

Aliapishwa Januari 1961, na amri ya kwanza aliyoitia sahihi ilikuwa ya kuongeza chakula kwa maskini. Tarehe 29 Mei mwaka huo, waziri wa kilimo alikwenda Welch mwenyewe. Hapo Alderson Muncy na mkewe, waliokuwa na familia ya watu 15, walikuwa wa kwanza kupokea stempu mpya za chakula, za dola 95. Bwana Muncy alikuwa mchimbaji asiye na kazi. Kitu cha kwanza walichonunua kilikuwa mkebe wa maharagwe yaliyopikwa kwa nyama ya nguruwe. Tangu siku hiyo mpango huo umelisha mamilioni ya Wamarekani, na ulianzia McDowell, kaunti iliyoongoza West Virginia kwa kuchimba makaa kwa miongo mingi. Anayechimba utajiri akapewa stempu za maharagwe.

Miaka ya 1970 bei ya mafuta ilipanda duniani, makaa yakapata soko tena na baadhi ya waliohama wakarudi. Haikudumu. Viwanda vya chuma vya Marekani viliyumba, na mwaka 1986 US Steel ikafunga migodi yake McDowell. Kazi zaidi ya 1,200 zilipotea. Kutoka 1980 hadi 1990 idadi ya watu iliporomoka kutoka 49,899 hadi 35,233.

WALIOBAKI

Msomaji anaweza kuuliza: ikiwa makaa yamepungua, kwa nini wenyeji wasilime, wasijenge kiwanda, wasianzishe biashara? Turudi kwa yule mkulima aliyeuza mlima wake. Uchunguzi uliotolewa mwaka 2013 ulionyesha kwamba McDowell ni miongoni mwa kaunti sita za West Virginia ambako wamiliki 10 wakubwa wanashikilia angalau nusu ya ardhi yote ya watu binafsi na makampuni. Wengi wao hawakai humo. Ardhi tambarare ni kidogo, na hiyo kidogo iko kando ya mto. Mafuriko ya 2001 na 2002 yalizoa nyumba na madaraja, na Februari 2025 Tug Fork ilifurika tena, ikaua watu na kuyaacha mengi ya maduka ya Welch yakiwa yamejaa tope.

Kuna kambi ambazo kampuni ilipoondoka, iliacha mabomba ya maji ya enzi za babu, hayana mwenye kuyatengeneza. Wako wakazi ambao huegesha gari kando ya barabara wakajaza madumu kwenye chemchemi ya mlimani. Ndiyo, Marekani, na ndiyo, karne hii.

Duka la Walmart lilifunguliwa Kimball mwaka 2005, likawa sokoni, barazani na mahali pa kazi kwa pamoja. Mwaka 2016 likafungwa, na watu wapatao 140 wakapoteza ajira. Mbali na hayo, dawa za kutuliza maumivu, ambazo madaktari waliwaandikia wachimbaji wenye migongo iliyovunjika, ziligeuka kuwa ulevi uliozimaliza familia. McDowell ilihesabika kati ya kaunti zenye vifo vingi zaidi vya aina hiyo nchini. Takwimu zilizochapishwa mwaka 2014 zilieleza kwamba mwanamume wa McDowell aliishi kwa wastani miaka 64. Mwanamume wa kaunti tajiri ya Fairfax, iliyoko Virginia karibu na Washington, aliishi miaka 82. Kati yao kuna mwendo wa gari wa siku moja tu, na miaka 18.

Katika siasa, kaunti iliyompa kura Barack Obama mwaka 2008 ilimpa Donald Trump karibu robo tatu ya kura zake mwaka 2016. Wengine hushangaa. Mtu aliyeahidiwa na kila mgombea tangu 1960 anaweza kujaribu yeyote.

Hesabu yenyewe ina kichekesho chake, ingawa si cha kuchekesha sana. Serikali ya Marekani huwahesabu wafungwa mahali walipofungwa. McDowell ina gereza la serikali kuu lenye mamia ya wafungwa kutoka mbali, na hao wamo ndani ya ile 19,111. Ukiwatoa, wenyeji ni wachache zaidi. Makadirio ya miaka iliyofuata yameishusha kaunti chini ya watu 18,000.

Hata hivyo makaa bado yanachimbwa, kwani viwanda vya chuma duniani bado vinayataka yale ya Pocahontas, na garimoshi ndefu bado hupita katika bonde la Elkhorn. Wachimbaji ni wachache na wanalipwa vizuri. Njia za zamani za migodini zimegeuzwa kuwa za kuendeshea pikipiki za magurudumu manne, na watalii huja kutoka majimbo mengine kuzirukisha matopeni. Baadhi ya nyumba tupu zimekuwa za kupangisha wageni hao. Lile jumba la askari weusi huko Kimball, lililoteketea mwaka 1991, lilikarabatiwa na sasa limesimama tena kando ya barabara. Huko Welch yamejengwa makazi ya walimu, kwa sababu mwalimu kijana alipokubali kuja alikuwa akikosa mahali pa kulala, na asiporudi muhula wa pili watoto wanabaki bila hisabati.

Majira ya joto, magari yenye nambari za Ohio, Michigan na North Carolina huonekana yameegeshwa kando ya mabonde. Ni watoto na wajukuu wa waliohama, wamekuja kwa mikutano ya ukoo. Wazee huwaonyesha mahali nyumba ilipokuwa, mahali duka la kampuni lilipokuwa, na makaburi mlimani ambayo hufikiwa kwa kukata vichaka kwanza. Halafu Jumapili jioni hufunga tena mizigo, wakaondoka kabla giza halijaingia bondeni, ambako huingia mapema.